Kifuniko cha Kisima cha Mpakani

Imepokewa kwa vinywa vya waliotutangulia, wajukuu zangu, nami niliipokea kwa bibi yangu mzaa mama, kwamba zamani sana palikuwa na dola mbili kubwa zilizopakana jangwani. Ya mashariki ilikuwa ya Sultani Mudhafari, na ya magharibi ilikuwa ya Mfalme Rukni. Wote wawili walisali kuelekea kibla kimoja, na wote wawili hawakulala kwa kuogopana.

Huyu akijenga ngome moja, yule hujenga mbili. Yule akifunga ahadi na majirani zake, kwamba atakayempiga mmoja amewapiga wote, huyu naye huenda kufunga yake. Miaka arobaini walifua panga, na kila mmoja akiulizwa husema, "Mimi najikinga tu." Ikafika hadi mtoto akipiga chafya upande huu, mlinzi wa upande ule anashika upinde.

Mpakani hapo palikuwa na kisima cha sabili, maji ya bure kwa ajili ya Allah. Mlinzi wake alikuwa mjane mcha Mungu, Bi Unaisa, radhi za Mola zimshukie. Kisima kile hakikuwa na ukuta. Mdomo wake ulikuwa sawa na ardhi. Kwa hiyo ada ya walinzi wa pale, tangu enzi za mama yake, ilikuwa kukifunika kila jioni kwa kifuniko cha mbao. Msafiri akija kwenye giza humpigia hodi mlinzi, naye hutoka kumtekea.

Sasa sikilizeni kosa lake, maana watu wema nao hukosea, na mara nyingine hukosea kwa wema wao wenyewe. Lilipoingia kumi la mwisho la Ramadhani, Bi Unaisa alitamani kusali bila kukatizwa. Akasema moyoni, "Nikikiacha wazi, mwenye kiu atajitekea, nami sitatoka kwenye mswala wangu." Akakiingiza kifuniko ndani, akakiegemeza nyuma ya mlango.

Alfajiri ya kwanza ya kumi hilo, yenye ukungu mzito, Amiri Wadhahi, mpwa wa Sultani Mudhafari, aliyekuwa akipeleka barua kwa Mfalme Rukni, alikwenda kisimani peke yake. Hakupenda kuwaamsha watu wake waliolala karibu na pale. Kulipopambazuka wakamkuta majini, amekwisha kufariki. Inna lillahi. Na mchangani, si mbali na pale, waliona alama za kwato za farasi wa doria ya magharibi. Hawakutaka zaidi. "Wamemtosa! Wamemtosa!" Wakambeba maiti wao wakaondoka, na hakuna aliyemtazama mwanamke wa kisimani.

Siku sita Bi Unaisa alinyamaza. Kila akisujudu alikiona kifuniko. Siku ya saba wasafiri wakaleta habari kwamba Sultani amekusanya watu elfu arobaini kambini, mwendo wa siku mbili kutoka pale, na kwamba majirani wa pande zote mbili wameitwa kwa ahadi zao. Akajitanda ushungi, akachukua fimbo. Mdogo wake, Bi Thuraya, akamshika mkono.

"Dada, unakwenda wapi?"

"Kusema."

"Nani kakuuliza?"

"Hakuna."

"Basi kaa! Watakuua, dada. Na wale wanatafutana tangu mimi sijaota meno. Leo wewe ndiye wa kuwapatanisha, kwa kifuniko?"

"Kuwapatanisha siwezi, Thuraya. Lakini wanataka kuuana kwa jina la jambo nililolifanya mimi. Siku ya kiyama nitasimamaje, na watu elfu arobaini wananivuta nguo?"

Thuraya akamwachia mkono, akaingia ndani kulia.

Alifika kambini siku ya pili, adhuhuri, miguu imevimba, na saumu yake hakuivunja. Askari wakamcheka. "Karibu, bibi! Umekuja na kata yako tukupange mstari wa mbele?" Mwingine akadakia, "Mwacheni apite, huyu ndiye wa kumtisha Rukni!" Naye akawatazama, wengi wao ndevu hazijaota vizuri, akapita kati yao machozi yakimtiririka.

Katika hema kubwa, Kadhi Mutarrifu alikuwa tayari ameshika kalamu. Katika dola ile jeshi halikula kiapo mpaka kadhi aandike fatwa kwamba vita ni halali, na fatwa ya siku ile ilisimama juu ya neno moja tu: damu ya Amiri Wadhahi imemwagwa kwa dhulma. Nyuma ya pazia alikaa Bi Rabaa, mama wa marehemu na dada wa Sultani, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na haki ya kuidai damu ile au kuisamehe.

Bi Unaisa akapiga magoti. "Sultani wangu, hakusukumwa na mtu. Ni mimi. Kifuniko sikukiweka."

Waziri akaruka. "Huyu katumwa na Rukni! Mama, rudi kwenu. Hakuna aliyekuita hapa."

"Kweli sikuitwa, bwana wangu. Wala wewe hukuja kuniuliza, na mlango wangu uko hatua kumi kutoka pale alipofia."

Kadhi akaweka kalamu chini. Akamwita mwosha maiti. "Ulimkutaje marehemu?"

"Mikono ya kanzu imekunjwa mpaka viwikoni, ewe Shekhe."

"Na viatu?"

"Wenzake waliviokota ukingoni mwa kisima, vimepangwa vizuri. Na pete yake ya fedha ilikuwa ndani ya kiatu cha kulia."

 Kadhi akasema, "Mtu akisukumwa, huvua pete kwanza? Na muuaji huiacha? Yule alikuwa anajiandaa kutawadha, akateleza kwenye ukungu. Haya tuliyaona sote. Mbona hakuna hata mmoja wetu aliyeyauliza?"

 Na jibu, wajukuu zangu, walikuwa nalo wote. Panga zilikuwa zimekwisha kunolewa. Kilichokosekana kilikuwa maiti.

Sultani akasema, "Mwanamke, unajua nimeita watu elfu arobaini? Niwarudishe kwa ajili ya ubao?"

"Uliwaita kwa ajili ya ubao, Sultani wangu. Ila hukujua."

Mlinzi akachomoa upanga. Ndipo ikatoka sauti nyuma ya pazia.

"Mwanangu alikuwa anakwenda kutawadha?"

"Ndiyo, bibi yangu. Nami nilikuwa ninasali. Niliipenda sala yangu, nikasahau miguu ya waja wa Mungu. Damu yake iko juu yangu, nifanye utakavyo."

Bi Rabaa akalia kwa sauti. Ilikuwa mara yake ya kwanza, maana walimkataza kulia mpaka kisasi kilipwe. Alipotulia akasema, "Nimemsamehe kwa ajili ya Allah. Na wewe, ndugu yangu, mwanangu alikufa akielekea kwa Mola wake. Usimgeuze njia ukampeleka vitani."

Kadhi akaichana fatwa yake. Sultani akatoka nje, akaamuru jeshi lirudi makwao. Wapo wasemao alikuwa na hasira, wapo wasemao alishukuru, na mimi nadhani vyote viwili. Sala ya Idi mwaka ule askari waliisali majumbani kwao, na Bi Unaisa akaisali kwake.

Lakini sitawadanganya. Ngome hazikubomolewa. Ahadi hazikufunguliwa. Panga zilipakwa mafuta, zikawekwa. Baada ya miaka kumi na tisa, watoto wa wafalme wale walipigana kwa sababu ya ngamia wawili waliopotea, na walikufa watu wasiohesabika. Wanasimulia kwamba kabla ya siku ile wazee walizunguka kambi hadi kambi wakiuliza kama yupo atakayesimama aseme, "Ni mimi." Hakusimama mtu.

Ukweli wa mja mmoja hautoi chuki katika vifua vya dola mbili, wajukuu zangu. Lakini katika miaka ile kumi na tisa, watu elfu arobaini walilea watoto wao. Mola atujaalie ulimi kama ule, na atupe kuutumia mapema.