Ufunguo Mpya Katika Studio ya Mkwinda

Ufunguo mpya ukigoma, usivunje mlango.

Mmeisikia methali hii leo, na mmeniuliza ni ya nani. Si ya wahenga wa kale, wanangu. Walioizaa bado wako hai, na huenda mmepishana nao sokoni. Ilianza hivi.

Hapa Masasi palikuwa na studio ya video, mali ya bwana mmoja aitwaye Mkwinda. Aliyekaa kwenye kompyuta, akikata na kuunga picha za harusi, alikuwa binti aitwaye Asumini, ametoka chuoni mwaka uleule. Aliipenda kazi yake kupita kiasi. Akiona bibi harusi analia kwenye kioo cha kompyuta, naye hulia kidogo, ndipo aendelee kukata.

Juma moja Mkwinda alisafiri kwenda Mtwara. Alimwachia Asumini neno moja tu: afanye kazi, lakini kwenye mashine asibadilishe chochote. Asumini akaitikia. Jumanne ujumbe ukatokea kwenye kioo, ukiomba ruhusa ya kuweka toleo jipya la draiva ya diski, yaani ile programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kusoma na kuandika kwenye ghala lake. Ujumbe ulisema mashine itakwenda kasi zaidi. Asumini akaona hilo ni jambo jema, na jambo jema litamkasirisha nani? Akakubali.

Tangu hapo kompyuta ikawa kama mtu mwenye homa za vipindi. Mara inaganda, mara kioo kinageuka buluu, mara inajizima na kujiwasha. Video fupi zilifunguka. Ndefu, zikifika katikati, mashine inazimika.

Katika diski hiyo ilikuwamo harusi ya Somoe Chitanda, na katika harusi hiyo baba yake alisimama akamuusia mkwewe. Mzee Chitanda alifariki kabla video haijakamilika. Kadi za kamera zilikwisha kufutwa ili zitumike kwenye harusi nyingine, kwa hiyo nakala ilikuwa hiyo moja tu. Ijumaa ikafika, na arobaini ya mzee ilikuwa kesho yake, na Somoe alitaka ndugu zake wamsikie.

Asumini akamwita Fundi Kazumari. Huyu alikuwa fundi hodari, ila kila ugonjwa aliutibu kwa dawa moja: kupiga window, yaani kufuta kila kitu na kuipanga kompyuta upya. Watu walimtania kwamba hata ukimpelekea pasi isiyopata moto, ataipiga window.

Kazumari aliipima mashine kwa muda. Alipoinua kichwa, Somoe alikuwa amekwisha kuingia.

"Diski ni nzima," alisema Kazumari. "Nimeipima, haina doa. Ugonjwa umo kwenye programu. Tupige window, tumalize."

"Na mzee wangu aliyemo humo?" Somoe aliuliza.

"Atafutika, dada. Nisikudanganye."

"Huwezi kuichomoa hiyo diski ukaisoma kwingine?"

"Ya mashine hii imeshikamana na ubao wake. Nikiing'oa nimeiua."

Somoe akaketi kwenye benchi. Hakulia. "Ndugu zangu wametoka Newala," alisema. "Wako njiani. Nimewaambia watamsikia baba."

Kazumari akachomeka flashi yake ya kupigia window. Asumini alisimama nyuma ya kiti. Akisema, Mkwinda atajua, na kazi itakwenda. Akamtazama Somoe pale kwenye benchi. Kazi huweza kutafutwa mahali pengine. Yule mzee angetafutwa wapi?

"Fundi, subiri. Kuna kitu nilibadilisha."

"Kitu gani?"

"Draiva ya diski. Jumanne. Iliomba, nikakubali. Na bosi alinikataza."

Kazumari akageuka taratibu. "Binti, mgonjwa kala nini unaniambia nikiwa nimeshanoa kisu?"

"Niliogopa."

"Kabla ya Jumanne ilikuwa inaganda?"

"Hata siku moja."

Kazumari akachomoa flashi, akaiweka mfukoni. "Sikilizeni," alisema. "Hiyo draiva ni ufunguo wa ghala. Ghala ni zima na mzigo umo. Huu ufunguo mpya ndio haukubaliani na kitasa chetu. Turudishe ule wa zamani."

"Mimi nilidhani kipya ndicho bora," alisema Asumini.

"Kwa mashine nyingine huenda ni bora. Kwa hii bado."

Akafungua orodha ya draiva, akaikuta yenye tarehe ya Jumanne, akaiamuru irudi kwenye toleo la zamani. Kisha akaizuia ile mpya isije ikajiweka tena yenyewe. Mashine ikazimika, ikawaka. Asumini akaifungua ile harusi. Ikafika pale inapozimikia siku zote, na wote watatu wakakiinamia kioo. Ikapita.

Mzee Chitanda akasimama kwenye kioo, kanzu imempwaya. "Mkwe wangu," alisema, "binti huyu hapendi kuamshwa mapema. Usije kwangu kulalamika. Nimekwambia leo, mbele ya mashahidi."

Somoe akacheka, kisha akajifunika uso kwa kanga. Kazumari hakungoja mzee amalize. Aliinakili harusi nzima kwenye diski ya nje, akamkabidhi Somoe mkononi.

"Nimevunja milango ya watu wengi mimi," alisema mwishowe. "Nao walinishukuru. Ufunguo mpya ukigoma, usivunje mlango."

Mkwinda aliporudi, Asumini alimweleza mwenyewe. Alikaripiwa asubuhi nzima, lakini hakufukuzwa, na tangu siku hiyo kila harusi pale ina nakala mbili. Neno la fundi Somoe alilichukua hadi kwenye arobaini, na ndugu wa Newala wakaondoka nalo. Punde si punde mama aliyetaka kumtoa mwanawe shuleni, kwa kuwa haelewani na mwalimu mpya, akaambiwa hivyohivyo.

Basi, wanangu, jambo lililokuwa likienda vizuri likiharibika ghafla, msikimbilie kubomoa. Ulizeni kwanza ni nini kilichobadilika, na aliyekibadilisha mpeni nafasi ya kusema bila hofu. Ufunguo mpya ukigoma, usivunje mlango.