Kuku wa Nyuzi za Bluu

Kuku watatu wa Bi Sihaba, aliowafunga nyuzi nyekundu miguuni, walionekana uani kwa jirani yake Hamduni, tajiri wa maduka, wakiwa na nyuzi za bluu.

"Hawa wangu," Hamduni akasema. "Huoni nyuzi? Nenda kashtaki!"

Kesho yake Bi Sihaba akarudi na mjumbe wa mtaa, Mzee Chamshama. Mzee alisimama langoni, uso kaukunja, bakora mkononi. Bi Sihaba akamsogelea Hamduni, akanong'ona.

"Kaka, nakuonea huruma. Kuku wa nyuzi za bluu wamefukua mchicha wote wa mjumbe. Unamwona alivyo? Anamtafuta mwenyewe."

Hamduni akaitazama ile bakora.

"Mjumbe!" akapaza sauti. "Kuku hawa ni wa huyu mama! Hizo nyuzi nimewabadilishia mimi juzi, utani tu wa majirani!"

Bi Sihaba akamkwapua kuku mmoja, wawili akampa mjumbe.

"Na pole kwa mchicha, mzee wangu," Hamduni akaongeza.

"Mchicha gani? Ua wangu wote nimeumwagia saruji," mjumbe akajibu, kashika shavu. "Jino linaniua, na goti halinibebi bila bakora. Huyu mama kaniomba tu nije kumsaidia kubeba kuku."