Misumari ya Bwana Fisi

Hapo zamani za kale, watoto wangu, wakati mgongo wa Fisi ungali umenyooka kama meza, Bi Pimbi alikaa na wanawe watatu juu ya jabali refu. Wanyama wakubwa wengi walijaribu kupanda, wakateleza, wakarudi chini wakisema huko juu hawana shida nako.

Asubuhi moja akasikia: ngo! ngo! ngo!

Akachungulia. Lahaula! Fisi alikuwa akipigilia misumari minene ya chuma ubavuni mwa jabali na kuikanyaga kama ngazi. Nyati, chini, alikuwa akimrushia mingine.

"Bwana Fisi! Unatoboa nyumba yangu!"

"Haya ni maendeleo, shemeji! Kila mtu apande, aone mandhari."

"Anayetaka kupanda si apande kwa miguu yake?"

"Miguu yetu mizito," akasema Nyati. "Mimi nataka majani ya huko tu."

"Na wewe Fisi, unataka nini?"

Fisi akawatazama watoto wa Pimbi, akameza mate. "Mandhari."

Ngo! ngo! ngo! Siku tatu! Watoto hawalali, vumbi limejaa kwenye uji, na ukisema unajibiwa maendeleo. Bi Pimbi alichoka, akachoka tena. Ufa wa kujificha walikuwa nao, lakini mtu ajifiche mpaka lini na ngazi iko mlangoni? Siku wanawe watakapotoka kula, ndiyo siku watakayoliwa.

Siku ya nne asubuhi, Fisi akiwa bado chini, ilibaki misumari miwili tu ngazi ifike juu. Bi Pimbi akashuka mbio mpaka sikioni kwa Fisi.

"Shemeji, nimeshindwa. Njoo ule. Ila wanangu ni watatu, tena wadogo. Simba akiiona ngazi hii, wewe utabakiwa na nini? Kwato?"

"Ala!"

"Ukishapita msumari, ung'oe."

Tamaa na akili hazilali nyumba moja. Kila alipopanda, Fisi aliinama akang'oa msumari kwa meno yake yale: ng'wa! Ukaanguka chini: puu!

"We Fisi, una wazimu?" akafoka Nyati, mmoja umemgonga pembe.

"Nyamaza!"

Nyati akanuna, akaenda zake.

Fisi akapigilia ile miwili ya mwisho, akaing'oa nayo, akafika juu. Bi Pimbi na wanawe wako ndani ya ufa, pua yake haipiti.

"Nitawasubiri!"

"Subiri, shemeji. Sisi majani tunayo humu. Wewe tazama mandhari."

Akatazama mpaka jioni, tumbo likinguruma. Kisha akatafuta njia ya kushuka. Hakuna msumari hata mmoja!

"Bi Pimbi, nisaidie!"

"Shuka kwa miguu yako."

Fisi akakalia matako, akaserereka: sruuuuu! Alipofika chini, nyuma kumelika, mgongo umeinama hivyo mnavyouona.

Bi Pimbi akatoka kukagua ukuta wake. Misumari imekwisha, lakini matundu yako palepale, na mpaka leo kila akiyapita husonya.

Basi sikieni: ukitoboa kwa mwenzako ili upite, wewe utapita mara moja, tundu litabaki.