Bi Mkasi na Nyundo ya Baharini

Mwanamke mmoja alikuwa na macho yasiyoona na mtoto mwenye sauti. Yeye aliitwa Bi Mkasi, na mtoto Kibibi, wa miaka tisa. Bahari ikipwa, Bi Mkasi huenda mbali kwenye mchanga ulioachwa wazi, akichokoa kombe, wale chaza wa mchangani, kwa vidole, naye Kibibi hukaa juu ya fungu la mchanga lililoinuka. Maji yakianza kurudi, mtoto huita, "Mama we," na mama huifuata ile sauti kama aliyeshika kamba. Wenzake wakimtania, "Mkasi, iko siku mwanao atasinzia." Naye huwajibu, "Akisinzia, siku hiyo kombe ndio watakaonila mimi."

Wakaja watu kusimika mitambo ya upepo baharini, ili vijiji vipate umeme. Lilikuwa jambo la heri, na Bi Mkasi mwenyewe aliitikia dua. Wakaanza kupigilia nguzo za chuma chini ya maji, kwa nyundo kubwa kuliko nyumba.

Siku hiyo maji yalipogeuka, Bi Mkasi aliyajua kwa vifundo vya miguu. Akatega sikio, akasikia nyundo. Akageuka upande wa pili, nyundo. Pigo lilitoka kila mahali, likamtetemesha hadi meno. Akaita, na sauti yake mwenyewe hakuisikia. Akaenda huku, maji yakafika magotini. Akaenda kule, yakafika kiunoni. Kapu likamponyoka, akaliacha liende zake. Hakuwaza kuzama. Alimwaza Kibibi, asije akashuka kumfuata.

Mara nyundo ikanyamaza, wapigaji wakiiweka sawa juu ya nguzo. Katika kimya kile, kisichotosha hata kumeza mate mara tatu, ikaja sauti iliyokauka: "Mama we." Ilitoka nyuma yake. Muda wote ule alikuwa akienda kilindini.

Kesho yake jirani alimshika mkono akampeleka kwa msimamizi wa kazi. Msimamizi huyo alikuwa mtu mpole. Akauliza, "Mama, si taa zenu hizi tunazowaletea?"

"Zetu, baba, na Mungu akulipe. Lakini mimi taa yangu ni kimya. Wewe piga, ila maji yakigeuka unipishe, mwanangu aniite."

Msimamizi alikuwa amepima upepo, amepima kina, amepima na mchanga. Hilo hakuwa amelipima. Akaamuru nyundo ipumzike kila maji yageukapo.

Bi Mkasi alikuwa na mdomo wa kusemea, na jirani wa kumfikisha. Lakini huko kwenye bahari za baridi yuko sili, mnyama wa majini anayemnyonyesha mwanawe juu ya mchanga na kumjua kwa mlio wake, na nguzo kama zile zinapigiliwa huko pia. Yeye atashikwa mkono na nani apelekwe kwa msimamizi?