Kilima Kilichopimwa kwa Vigingi

Dawa haina kosa. Anayeshika kijiko anaweza kuwa daktari, mzazi au hata mtoto wa juzi, na dawa ikabaki kuwa dawa. Kosa ni la mgonjwa anayekaza meno. Ndiyo maana waliotutangulia walisema kwamba sikio la kufa halisikii dawa: anayeelekea kuangamia huonywa asubuhi, akaonywa jioni, na maneno yote yakampita kama upepo. Yaliyompata msimamizi mmoja wa machimbo ya mawe yanathibitisha usemi huo, ingawa si kwa namna ambayo yeye mwenyewe angeitarajia.

Msimamizi huyo alikuwa mtu wa kazi. Mikono yake ilikuwa migumu kama gome la mti, na sauti yake ilizishinda nyundo za watu arobaini waliovunja mawe chini ya kilima. Nyumba yake aliijenga mwenyewe, hatua chache kutoka machimboni, kwa mawe ya kilima hichohicho. Alikuwa na mke mpole, kitindamimba wa miaka mitatu, na binti wa kidato cha pili ambaye wenzake walimwita Chiriku kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo.

Mwaka huo shule ya Chiriku ilipata mwalimu mpya wa jiografia. Mwalimu huyo alikuta chumba cha kompyuta kimegeuzwa stoo ya madawati mabovu. Akayatoa, akafuta vumbi, akagundua kwamba kati ya mashine kumi na mbili, saba zilikuwa bado zinawaka.

"Sitawapa maelezo ya kunakili," aliwaambia wanafunzi. "Kila kundi lichague swali moja kuhusu dunia mnayoikanyaga, likatafute jibu mtandaoni. Ila msimeze kila mnachokikuta. Ulizeni: nani kaandika? Lini? Kajuaje? Na wengine wasiomjua wanasema hivyohivyo?"

Kundi la Chiriku lilichukua maporomoko ya ardhi, kwa sababu volkano na matetemeko yaliwahiwa na wengine. Wiki ya kwanza ilipita kwa vicheko. Wiki ya pili wakakuta vyuo vitatu tofauti vimetaja dalili zilezile: nyufa ardhini, miti kuinama, chemchemi kutoa tope, milango kukwama kwenye fremu. Chiriku alikuwa akiwasomea wenzake kwa sauti. Alipofika kwenye milango, akanyamaza.

"Chiriku kanyamaza!" mmoja alidakia. "Leo itanyesha mvua ya mawe." Lakini walipomtazama usoni, kicheko kikawakauka.

"Mwalimu," alisema polepole, "mlango wa jikoni kwetu haufungi tangu mwezi uliopita. Baba ameshauranda mara mbili."

Mwalimu akafungua picha za setilaiti za mahali pao, za miaka kumi. Huko juu miti ilikuwa ikipungua mwaka hadi mwaka kama nywele za utosini. Huku chini machimbo yalizidi kuuguguna mguu wa kilima. Jumamosi walipanda kwenda kujionea. Ufa mwembamba ulipita katikati ya majani, mrefu kuliko uwanja wa mpira. Wakapigilia vigingi viwili, kimoja kila upande, wakapima kwa futi kamba. Baada ya siku kumi na moja umbali ulikuwa umeongezeka kwa sentimita nne. Na mvua zilikuwa hazijaanza.

Jioni hiyo, wakati wa chakula, Chiriku hakuweza kujizuia.

"Baba, kilima kinatembea."

"Kinakwenda wapi, sokoni?"

"Sifanyi mzaha, Baba. Tumepima. Tuhamie kwa shangazi mpaka mvua zipite."

Msimamizi akasukuma sahani yake. "Miaka ishirini na miwili nimekila kilima hiki. Hiyo kompyuta yenu imewahi kushika nyundo? Na wale watu arobaini niwaambie nini, kwamba nimekimbia kwa sababu binti yangu kasoma mtandaoni? Tangu lini yai likamfundisha kuku kutaga?"

Mwalimu naye hakukaa kimya. Alipeleka vipimo na picha ofisi ya mtaa. Ofisa akagonga muhuri wa kupokelewa, akaiweka ripoti juu ya rundo la nyingine, akauliza kama kuna jingine. Habari zilipofika machimboni, msimamizi alikwenda shuleni akiwaka moto. Mwalimu mkuu, mtu asiyependa kelele, akamwita mwalimu wa jiografia.

"Nilikuajiri ufundishe, si kuwatisha watu," alisema, akanyoosha mkono kudai ufunguo wa chumba cha kompyuta. Madawati mabovu yakarudishwa mahali pake.

Mvua zikaja. Siku ya tano ya mvua Chiriku alipanda kilimani peke yake. Kigingi kimoja hakikuonekana tena, na ufa ulimeza mkono wake hadi begani. Alishuka mbio hadi kwa mama yake. Mama hakuuliza maswali mengi. Alikunja nguo chache, akambeba kitindamimba, wote watatu wakavuka bonde kwenda kwa shangazi.

Siku ya tatu msimamizi aliwafuata, amelowa chapachapa.

"Nimekuwa kichekesho," alimwambia mkewe. "Wananiuliza kama na wewe unasomeshwa na kompyuta. Rudi nyumbani, mama watoto."

Chiriku alimshika baba yake koti. "Wiki moja tu, Baba. Ukitaka kunipiga, nipige. Lakini hawa waache hapa."

"Wewe baki, ukipenda," alijibu bila kumtazama.

Mama alimvuta binti yake kando. "Ngoja nikamtulize," alinong'ona. "Akilainika, nitarudi naye kesho." Akafunga mtoto mgongoni, akamfuata mumewe kwenye mvua.

Kesho yake, saa nane mchana, darasa zima lilisikia mshindo kama malori mia yakimwaga kokoto kwa pamoja. Haikuwa radi. Chiriku alisimama hata kabla mshindo haujakoma.

Mvua ilikuwa imesimamisha kazi, hivyo machimbo yalikuwa matupu. Msimamizi alikuwa dukani, akinunua mipini ya nyundo. Aliporudi hakuona nyumba wala njia ya kwendea nyumbani. Aliona tope jekundu tu, na paa la jirani limekaa juu yake kama kofia. Watu saba walikuwa chini ya tope hilo. Alifukua kwa mikono yake mpaka kucha zikamtoka. Mkewe na mwanawe walipatikana siku ya pili, wakiwa pamoja.

Wiki tatu baada ya maziko alikwenda shuleni, akasimama mbele ya mwalimu wa jiografia kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Nionyeshe," alisema.

Mwalimu akaomba ufunguo, akasogeza madawati mabovu, akawasha mashine. Msimamizi akasoma taratibu, dalili moja baada ya nyingine.

"Haya yote yalikuwapo humu?"

"Yalikuwapo."

"Tangu lini?"

"Kabla binti yako hajazaliwa."

Msimamizi akageuka kutoka kwenye mashine. "Usidhani sikusikia, Mwalimu," alisema. "Nilisikia kila neno. Niliogopa kuchekwa."

Mwalimu akazima mashine.

Chiriku anaishi kwa shangazi yake mpaka leo. Baba akija kumtazama, binti humpa shikamoo, husubiri marahaba, kisha huingia ndani na kujifungia. Baba hubaki barazani mpaka achoke, halafu huondoka. Yeye aliyeonywa anatembea juu ya ardhi, na waliokuwa tayari kuokoka wamelala chini yake. Sikio la kufa halisikii dawa. Na msiba mkubwa zaidi ni kwamba si lazima afe mwenye sikio.