Mahindi ya Bi Nakijwa

Aliyepona hurudi na hindi, aliyezikwa harudi. Mmeuliza neno hili limetoka wapi. Basi tulieni, maana chanzo chake si cha kuchekea. Lilianza hivi.

Huko milimani Upare alikuwako Bi Nakijwa, mganga wa masikio. Mtoto akiumwa sikio, alichuma kivumbasi, akababua majani yake motoni, akamkamulia matone. Desturi ilikuwa moja: aliyepona huleta hindi moja la mbegu, nalo hutundikwa darini, juu ya moshi. Dari ikajaa. Kila asubuhi Bi Nakijwa aliyatazama mahindi yale, moyo ukamtulia. Si wanasema kizuri chajiuza?

Mwaka mmoja binti yake alimleta Naetwe, mjukuu wa pekee, kutoka ng'ambo ya bonde. Jirani wa binti huyo, Mama Kiangi, alimsindikiza. Mtoto alilia siku mbili, bibi akimkamulia dawa. Siku ya tatu sikio likatoa usaha, kilio kikakatika. Bibi akapiga vigelegele, akatundika hindi la mjukuu kwa mkono wake mwenyewe.

Siku ya tano nyuma ya sikio pakavimba. Homa ikapanda, shingo ikakakamaa.

"Mama, tumpeleke zahanati," binti akasihi.

"Zahanati kufanya nini? Tazama juu! Hayo yote ni masikio niliyoyaponya. Hiyo homa ni dawa inafanya kazi."

Mama Kiangi akainuka.

"Hata Kiangi wangu nilimleta kwako, mama, ule mwaka wa njaa. Alinyamaza hivi hivi, nikakushukuru, nikaondoka. Juma halikwisha, tukamzika."

"Mbona hukurudi kuniambia?"

"Nirudi na nini? Aliyepona hurudi na hindi. Aliyezikwa harudi."

Bi Nakijwa aliona aibu, kisha hofu, na hofu ikashinda. Akamfunga Naetwe mgongoni, akateremka mlima mbio kwa miguu yake ya kizee. Zahanati walimpokea, wakahangaika naye, lakini alikuwa amecheleweshwa mno. Naetwe alifariki kabla ya alasiri.

Baada ya matanga, bibi alipita nyumba kwa nyumba, pande zote za bonde, akiuliza habari za kila sikio. Alikuta wengi waliopona bila jani hata moja, kwa kukandwa kitambaa cha moto na kungoja tu. Alikuta viziwi watatu waliopitia mikononi mwake. Alikuta na makaburi mawili ambayo hakuwahi kuyasikia, ukiacha la Kiangi.

Aliporudi alitundika magunzi matupu katikati ya mahindi, moja kwa kila kiziwi na moja kwa kila kaburi, la Kiangi likiwamo. Hindi la Naetwe alilishusha, akalipukuchua punje kwa punje huku analia, kisha akalirudisha juu likiwa gunzi.

Tangu hapo, mama aliyekuja na mtoto na kuanza kuisifu dari ile, Bi Nakijwa alimwonyesha magunzi kwanza, kisha njia ya zahanati.

"Mahindi usiyaamini, mwanangu," alimwambia. "Aliyepona hurudi na hindi, aliyezikwa harudi."