Punda wa Liwali Hamdun

Liwali Hamdun bin Seif wa Kidongoe alitangaza kwamba serikali inakopa: kila mwenye nyumba anunue hati moja kwa rupia thelathini, na baada ya miaka kumi atarudishiwa pamoja na faida. Bi Mize binti Shamte, mchuuzi wa maji, alikuwa na thelathini hizohizo, akiba ya kununulia punda, kwani shingo ilikwisha kwa mitungi. Akazitoa.

"Bwana Liwali, wenzangu wanasitasita. Watangazie kwamba hati hii ni sawa na fedha, na atakayeikataa sokoni afungwe."

"Una akili, mama," akacheka Liwali. Mpiga mbiu akazunguka na pembe mitaa yote, na kufikia adhuhuri hati zikawa zimekwisha.

Ijumaa Liwali akamnadi sokoni punda wake mweupe. Bei ilipogota thelathini, Bi Mize akamtia hati mkononi.

"Karatasi? Mimi nataka fedha."

"Sema taratibu, Bwana. Mpiga mbiu yuko nyuma yako, na ufunguo wa gereza unao wewe mwenyewe kiunoni."

Bi Mize akarudi kisimani amepanda.